Joto Letu Huenda Wapi?

Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama mjini Dodoma



Ilipojulikana kwamba tutazungumza juu ya elimu ya nguvu, joto, nuru na sauti, baadhi ya wenzetu walituuliza kwa mzaha: makarani wana haja gani na mambo ya darasani? Kazi yetu si barua, majalada na hesabu? Jibu letu ni kwamba elimu hii nayo ni hesabu, na watu waliozoea kufunga vitabu vya fedha kila mwisho wa mwezi wataifahamu upesi. Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Leo twataka kufungua daftari la mali ambayo kila nyumba huinunua kila siku, na nyumba nyingi hazijui imekwenda wapi.

Mali hiyo ni nguvu, ambayo vitabu vya shule huiita nishati. Kanuni yake kubwa ni fupi: nguvu haiumbwi wala haipotei, hubadili sura na kuhama mahali. Jua huuangaza mti porini, na mti huiweka akiba nguvu ya nuru hiyo ndani ya mwili wake. Kuni zikiwaka, akiba hiyo hutoka kwa sura ya joto na mwanga. Joto huingia katika chungu, katika mafiga, katika moshi na katika hewa ya jikoni. Mkaguzi akijumlisha sehemu zote hizo atakuta hesabu imelingana kabisa, hapana kilichopungua. Lakini hesabu kulingana si sawa na fedha kufika zilikokusudiwa. Hilo ndilo neno letu la leo: joto halipotei, ila laweza kwenda mahali ambapo halitufai, nasi tukalilipia.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Wengi wetu tulihamia hapa tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kwa nguvu kuhamisha ofisi zake, ili kutimiza uamuzi uliofanywa mwaka 1973 wa kuifanya Dodoma makao makuu. Tulitoka pwani, na jambo la kwanza lililotushangaza ni maharage. Yalichemka asubuhi, yakachemka adhuhuri, na bado yalikuwa magumu. Tukamlaumu muuza maharage sokoni kwamba ametuuzia ya mwaka juzi. Tukaongeza mkaa, tukapepea, maji yakaruka na kumwagika, na maharage hayakujali.

Muuzaji hakuwa na hatia. Mji wa Dodoma uko juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya meta 1,100 na zaidi, na huku juu hewa hulemea maji kwa uzito mdogo kuliko pwani. Kwa hiyo maji hupata kuchemka mapema zaidi. Pwani huchemka kwenye digrii 100; hapa kwetu huchemka karibu na digrii 96. Digrii nne ni chache kwa mtu, lakini maharage huzitambua, nayo hukawia.

Kosa letu la pili lilikuwa kubwa zaidi. Tulidhani kwamba maji yanayochemka kwa fujo yana joto kuliko maji yanayochemka polepole. Sivyo. Maji yakishafika kiwango chake cha kuchemka hayapandi tena katika sufuria ya kawaida, hata ukiyawashia moto wa tanuri. Joto lote linaloongezwa hutumika kuyageuza kuwa mvuke. Nasi tutazame tarakimu zake. Kuipasha lita moja ya maji kutoka digrii 20 hadi 96 kwahitaji kilojuli 320 hivi. Kuigeuza lita hiyo yote kuwa mvuke kwahitaji kilojuli 2,260 hivi, yaani mara saba ya zile za kwanza. Basi mpishi aachaye sufuria wazi juu ya moto mkali hulipa mara saba kwa kazi ambayo hakuiagiza, na mvuke huchukua fedha zake kupitia dirishani.

Dawa yake haina gharama. Maharage yalowekwe tangu usiku. Sufuria ifunikwe. Maji yakianza kuchemka, moto upunguzwe mpaka yatokote kidogo tu. Na mwenye uwezo wa kununua sufuria ya presha atapata faida zaidi, maana mvuke uliozuiwa humo huyalemea maji, nayo hupata kupita digrii 100 hata hapa Dodoma. Ndipo maharage huiva upesi.

Ndugu wanachama, jambo hili si la mfuko wetu peke yake. Kabla gunia la mkaa halijafika mlangoni, hasara imekwisha kuandikwa porini. Katika tanuri la udongo la kawaida, kilo 100 za kuni hutoa kilo 15 hadi 20 tu za mkaa. Mkaa una joto jingi kwa uzito wake, lakini hata hivyo kadiri ya theluthi mbili za joto la kuni zile limekwisha kuruka na moshi kabla ya mtu yeyote kupika uji. Na miti hiyo yatoka wapi? Yatoka katika nchi kavu, ambapo mvua ya mwaka mzima ni kadiri ya milimeta 550 hadi 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mti uliokatwa hapa haurudi upesi kama ule wa milimani. Wazee wa Kondoa wanalijua jambo hili. Kwa kilimo, malisho na ukataji wa miti, vilima vyao vilichimbwa na maji mpaka vikawa makorongo. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uitwao HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika vilima vya Kondoa ili ardhi ipate kupumzika. Gharama hiyo iliwaangukia wenye ng'ombe. Hatutaki itokee tena kwa sababu ya sufuria zisizo na vifuniko.

Sasa tutoke jikoni, tutazame nyumba yenyewe. Wagogo tangu zamani walijenga tembe: nyumba fupi, kuta za miti na udongo, na paa la bapa lililofunikwa udongo juu ya fito. Sisi wageni tuliiita nyumba ya kishamba, tukajenga vyumba vya bati bila dari. Ikifika Oktoba, saa nane mchana, tunakimbia nje kutafuta kivuli. Ikifika Julai, usiku, tunajikunyata kwa baridi chini ya bati lile lile. Sababu yake ni nyepesi. Bati ni jembamba na hupitisha joto mara moja. Jua likiligusa, nasi tumeguswa. Usiku mbingu ya Dodoma ikiwa haina mawingu, bati hutoa joto lake kuelekea angani, likapoa upesi, nasi tukapoa nalo. Udongo mnene hufanya kinyume. Huchukua joto la mchana polepole na kulishika, na linapofika ndani jua limekwisha kutua na joto lahitajiwa. Fundi wa tembe hakusoma kitabu cha joto, lakini alikiandika kwa udongo.

Hatusemi kila mtumishi arudi kujenga tembe, maana nayo ilikuwa na giza na moshi, na paa lake lilitaka kutengenezwa mara kwa mara. Twasema tuchukue akili yake. Anayejenga kwa bati na aweke dari, aache nafasi ya hewa kupita kati ya dari na bati, apake bati rangi nyeupe ili lirudishe nuru ya jua, aelekeze madirisha yatazamane ili upepo upite, na ajenge kuta nene. Wala asichome matofali kwa kuni ikiwa aweza kupata matofali ya udongo na saruji yaliyoshindiliwa kwa mashine, kwa kuwa hayo hayahitaji tanuri.

Juu ya nuru tutasema machache. Taa ya zamani, ile yenye waya unaowaka ndani ya kioo, hugeuza sehemu kama tano tu katika mia za umeme wake kuwa nuru. Zilizobaki zote ni joto. Aliyewasha taa ile alinunua jiko dogo lenye kung'aa kidogo. Taa za LED hutoa nuru iyo hiyo kwa wati 10 au pungufu, badala ya wati 60. Na umeme huo hauzaliwi ukutani. Sehemu yake hutoka katika maji ya Mto Ruaha Mkuu yaliyozuiwa Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, penye mitambo ya megawati 80. Maji yale yale huteremka tena na kufanya kazi ya pili Kidatu, penye mitambo ya megawati 204. Mto waweza kufanya kazi mara mbili kwa sababu kila mteremko una nguvu zake, nasi tusizimalize kwa taa inayowaka chumbani pasipo mtu.

Hata sauti haitoki nje ya daftari hili. Mmekwisha kuisikia ilimba ya Wagogo, ile iliyojulikana nchi za mbali kwa mikono ya marehemu Hukwe Zawose. Ulimi wa chuma ukishikwa peke yake na kupigwa hutoa sauti nyembamba, isikiwayo na mpigaji tu. Ukifungwa juu ya sanduku la mti, sauti hujaza uwanja. Je, sanduku limeongeza nguvu? La, hata kidogo. Nguvu yote ni ya kidole gumba cha mpigaji. Sanduku hutikisika pamoja na ulimi na kuikabidhi hewa nguvu hiyo vizuri zaidi. Basi sufuria yenye kifuniko, nyumba yenye dari na ilimba yenye sanduku zina ustadi mmoja: haziongezi kitu, ila huyapeleka makabidhiano mahali pake.

Bwana Mwenyekiti, twajua kwamba wapo watakaosema haya ni madogo, ya jikoni. Twawakumbusha habari ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, aliona kwamba maziwa ya aiskrimu aliyoyaweka katika jokofu yakiwa ya moto yaliganda kabla ya yale ya mwenziwe yaliyokuwa baridi. Aliuliza, akachekwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dakta Denis Osborne, mtaalamu aliyetoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, naye hakucheka bali alirudi chuoni akajaribu. Mwaka 1969 habari yao ilichapishwa, na hata leo wataalamu wa dunia wanabishana juu ya jambo hilo kwa jina la yule kijana. Lilianza kwa maziwa na sukari, na mtu asiyekubali kunyamazishwa.

Kwa hiyo hatuombi makofi, twaomba kazi. Kabla ya mkutano ujao, kila mwanachama nyumbani kwake apime maharage ya kiasi kimoja siku mbili. Siku ya kwanza apike sufuria wazi. Siku ya pili apike imefunikwa, moto umepunguzwa. Apime mkaa kabla na baada, aandike saa na uzito, na asimwachie mke au binti wa nyumbani kazi ya kupika huku yeye akiandika tu. Akae jikoni mwenyewe, aonje moshi. Kisha tulete tarakimu zetu mezani, tuzijumlishe kama tujumlishavyo hesabu za ofisi. Hapo ndipo tutajua kwa hakika joto letu huenda wapi, na ni kiasi gani cha mshahara na cha misitu ya Ugogo kilichokuwa kikitoka nalo.