Seli Hujilinda, Lakini Virusi vya UKIMWI Huja na Hila



Swali moja huulizwa mara nyingi katika kliniki za tiba na matunzo. Mtu ameanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, amepimwa damu, na ameambiwa kwamba virusi havionekani tena. Homa zimekwisha, mwili umerudi, na shambani anafanya kazi kama wenzake. Kwa nini basi aendelee kumeza kidonge kila siku? Wapo wanaojijibu kwa kuacha dawa msimu wa tumbaku unapopamba moto, au wanapoingia porini kurina asali kwa majuma kadhaa. Jibu sahihi limo ndani ya seli, nalo ndilo kiini cha mada hii.

Seli si nyumba isiyo na mlinzi. Virusi vya UKIMWI, yaani VVU, hulenga hasa seli nyeupe za damu ziitwazo CD4, ambazo kazi yake ni kuongoza kinga ya mwili. Kirusi kikiingia katika seli, sharti kinakili maelezo yake ya urithi, kiyapeleke hadi kwenye kiini cha seli, kisha kiyapachike katikati ya maelezo ya seli yenyewe. Safari hiyo ina vizuizi. Wazee wa Unyanyembe walisimulia jinsi misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilivyosimamishwa na watemi njiani na kudaiwa hongo kabla ya kupita. Kirusi nacho husimamishwa hatua baada ya hatua. Tofauti ni kwamba hakilipi hongo. Huja na nyenzo za kumwondoa mlinzi.

Mlinzi wa kwanza ni protini iitwayo TRIM5, ambayo hulishambulia ganda la kirusi mara tu linapoingia. Mwaka 2004 wanasayansi walieleza kwamba kima rhesus wa Asia wana aina ya protini hii inayoweza kuizuia VVU kabisa. Binadamu naye anayo, lakini ya kwake ni hafifu mbele ya kirusi hiki.

Mlinzi wa pili, APOBEC3G, alitambuliwa mwaka 2002. Huyu hujipenyeza ndani ya virusi vipya vinavyotoka kwenye seli, na vinapojaribu kujinakili katika seli nyingine, huziharibu herufi za maelezo yao hadi nakala isisomeke. VVU ina protini yake iitwayo Vif, ambayo humkamata mlinzi huyo na kumpeleka kwenye mtambo wa seli wa kuvunjavunja protini zisizohitajika. Mlinzi huangamizwa kwa mashine ya nyumba aliyokuwa akiilinda.

Mlinzi wa tatu, tetherini, alielezwa mwaka 2008. Kazi yake ni kuvifunga virusi vipya kwenye ngozi ya seli, kama ng'ombe aliyefungwa kambani, visiende kuambukiza kwingine. Hapo VVU hutumia protini nyingine, Vpu, kumwondoa. Protini ya tatu ya VVU, Nef, huondoa alama zinazobandikwa juu ya seli iliyovamiwa, ili askari wa kinga wapite karibu bila kuitambua.

Hila hizo hazikuzuka kwa siku moja, na sehemu ya historia yake inasomwa katika mwisho wa njia ileile ya misafara. Kaskazini ya Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, ipo Hifadhi ya Taifa ya Gombe, ambako sokwe wamechunguzwa tangu mwaka 1960. Uchunguzi wa miaka tisa uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba sokwe wenye kirusi kilicho ndugu wa VVU walikuwa katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 kuliko wenzao wa rika lao wasio nacho. Si kirusi cha Gombe kilichowaletea binadamu janga hili. Asili yake ni sokwe wa kusini-mashariki mwa Kameruni. Lakini ndugu hao wawili wanafunza jambo moja. Kwa sokwe, kirusi humwondoa tetherini kwa kutumia Nef. Tetherini ya binadamu haina kipande ambacho Nef hukishika, hivyo kirusi kilipohamia kwa binadamu kiliikabidhi Vpu kazi hiyo. Adui huyu hubadilika kila anapokuta mlango mwingine.

Ipo pia njia ya ulinzi inayogeuka kuwa hasara. Seli nyingi za CD4 huwa zimetulia, na kirusi kikiingia humo hushindwa kumaliza kunakili. Vipande vya nakala pungufu hubaki ndani, walinzi huviona, na seli hutoa amri ya kujiua. Wakazi wa Tabora wanaijua habari ya Mtemi Isike. Ngome yake ilistahimili mashambulizi ya Wajerumani mwaka 1892. Ilipozidiwa Januari 1893, alililipua ghala la baruti akiwa ndani badala ya kujisalimisha. Seli hufa kwa namna inayofanana na hiyo, kwa mlipuko. Ila kilichokuwa ushujaa kwa mtemi huwa msiba mwilini, kwa sababu kemikali zinazomwagika huleta uvimbe, na uvimbe huita seli nyingine za CD4, ambazo nazo huvamiwa na kulipuka. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, uliotumia tishu za tezi za koo na bandama za binadamu, ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 95 ya seli za CD4 zilizokufa zilikufa kwa njia hiyo. Ndiyo maana mtu asiyetumia dawa hupungukiwa na kinga mwaka hadi mwaka, ingawa anaweza kujiona mzima kwa muda mrefu.

Sasa jibu la swali la mwanzo. Kidonge kinachotolewa kwa wagonjwa wengi nchini, kiitwacho TLD, kina dawa tatu. Mbili huzuia kirusi kisinakiliwe, na ya tatu huzuia nakala isipachikwe kwenye kiini cha seli. Dawa hizo hufanya kile ambacho walinzi wa asili wameshindwa. Lakini nakala iliyokwisha kupachikwa kabla ya dawa kuanza haiguswi. Baadhi ya seli hizo hulala kwa miaka mingi bila kutoa kirusi hata kimoja, na kwa kuwa zimelala, hakuna dawa inayozifikia wala mlinzi anayezitambua. Dawa zikiachwa, baadhi ya seli huamka, na kwa kawaida ndani ya majuma machache virusi huonekana tena katika damu. Kutoonekana si kutokuwepo. Na anayemeza leo, akaruka kesho, huvipa virusi nafasi ya kujifunza kuishinda dawa yenyewe.

Faida ya kudumu na dawa ni kubwa. Mtu ambaye virusi vyake havionekani, na anayeendelea na dawa, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya ngono, na mama mjamzito hupunguza sana uwezekano wa kumwambukiza mtoto. Hiyo ni hatua ndefu tangu mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza walipotambuliwa Kagera pasipo dawa yoyote. Tangu mwaka 2016 kila anayekutwa na VVU nchini anastahili kuanza dawa bila kusubiri CD4 zishuke. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi wakiishi na VVU.

Kwa hiyo mkazi anayesafiri ana mambo machache ya kutimiza. Amweleze mhudumu wa kliniki mapema kwamba anakwenda kambi ya tumbaku au porini. Mgonjwa aliye imara anaweza kupewa dawa za miezi mitatu, na wengine hata sita. Anayehama achukue barua ya uhamisho ili apokewe kituo kingine bila kukatiza dawa. Kipimo cha wingi wa virusi kisikose angalau mara moja kwa mwaka. Ambaye hajapima apime. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2019 inamruhusu kijana wa miaka 15 kupima bila ridhaa ya mzazi, na imeruhusu pia mtu kujipima mwenyewe. Upimaji na dawa katika vituo vya umma havilipiwi.

Mrina asali hasahau shoka, kamba wala moto wa kufukizia nyuki. Kopo la dawa nalo liwe la kwanza kuingia katika mzigo wake, kwa maana huko porini hakuna mlinzi mwingine atakayefanya kazi hiyo.