Mnara Tunauona: Je, Tangazo Linatufikia?

Mada iliyowasilishwa na Afisa Habari wa Halmashauri katika kikao kazi cha Watendaji wa Kata na Vijiji, baada ya ziara ya mafunzo kwenye mitambo ya kurushia matangazo ya televisheni iliyopo kilele cha Bondwa, Milima ya Uluguru.

Nitaeleza tuliyoyaona Bondwa, na hasa yale yanayogusa kazi yetu ya kila siku.

Ziara hii ilitokana na swali ambalo wananchi wa milimani wamekuwa wakituuliza kwenye mikutano ya hadhara: "Mnara tunauona kwa macho, taa zake nyekundu tunaziona usiku, iweje wa mbali wapate picha na sisi tulio chini yake tukose?" Swali hilo ni la haki. Mwananchi aliyetumia fedha zake kununua televisheni na king'amuzi anastahili jibu la kueleweka.

Bondwa ina urefu wa zaidi ya mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, ilhali mji wa Morogoro, ulio chini yake, upo kwenye takriban mita 500. Njia ya kupanda hupita Morningside, penye nyumba ya kale iliyojengwa enzi za Wajerumani, kisha huingia ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru. Ni njia ya mawe, matope na ukungu. Kila kinachohitajika kule juu, kuanzia kipuri hadi pipa la dizeli, hupandishwa kwa njia ya namna hiyo.

Kwa nini basi watu wajisumbue kuweka mitambo mahali pagumu kiasi hicho? Sababu ni kwamba mawimbi ya televisheni husafiri karibu kama mwanga wa kurunzi: hunyooka, na hayapendi kuzuiwa. Mnara wa mita 50 uliosimama kwenye tambarare huishiwa na upeo wake kwenye kilomita 29 hivi, kwa sababu dunia yenyewe ni mviringo. Ukiuweka mtambo huohuo mita 1,600 juu ya tambarare, upeo wake hufika takriban kilomita 160, ilimradi njiani pasiwepo mlima mwingine na nguvu ya mtambo iwe ya kutosha. Mlima umetufanyia kazi ambayo ingehitaji minara mingi.

Ndani ya jengo la mitambo hakuna kamera wala mtangazaji. Vipindi hutengenezwa studio, mbali na hapo, kisha hupelekwa kileleni kwa setilaiti au kwa mawimbi ya moja kwa moja kutoka mnara mmoja hadi mwingine. Mtambo huyapokea, huyaongezea nguvu, huyachuja ili yasiingilie masafa ya wengine, kisha huyapandisha kwa waya mnene hadi kwenye antena zilizofungwa juu ya mnara. Kazi hiyo huzalisha joto jingi, hivyo mashine za kupoza hazipumziki. Umeme wa gridi ukikatika, jenereta hushika nafasi. Zipo pia nyaya za kupokea radi na kuizamisha ardhini, kwa kuwa kilele chenye chuma kirefu ni shabaha ya kwanza ya radi.

Wengi wetu tunakumbuka uzimaji wa mitambo ya analojia ulioanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na kuendelea kwa awamu katika mikoa mingine. Dijitali imeleta faida: masafa yaliyokuwa yakibeba chaneli moja sasa hubeba nyingi kwa pamoja. Lakini imebadilisha pia namna ya kukosa. Zamani mawimbi yakiwa hafifu, picha ilijaa chenga, ila sauti ilisikika na ujumbe ulipatikana. Leo picha huwa safi kabisa, au hugandaganda kisha hutoweka pamoja na sauti yake. Hakuna nusu.

Sasa nirejee kwenye swali la wananchi. Sababu ni mbili. Kwanza, antena za kileleni huelekezwa mbali, usawa wa upeo, ili zihudumie eneo pana. Nguvu inayoelekea chini mlimani ni ndogo. Pili, na hii ndiyo kubwa, ni kivuli cha mlima. Katika masafa ya megahezi 600 wimbi moja lina urefu wa nusu mita tu, na wimbi fupi halina uwezo mkubwa wa kupinda na kuushukia upande wa pili wa mgongo wa mlima. Redio ya FM, ambayo wimbi lake lina urefu wa mita tatu hivi, hujitahidi zaidi, ingawa nayo ina mpaka wake. Kwa hiyo kijiji kinaweza kuuona mnara kutoka njia panda, lakini nyumba zake zilizo bondeni zikawa gizani.

Ndugu Watendaji, jambo hili si la burudani pekee. Mabonde yanayokosa mawimbi yamo kwenye miteremko ileile inayoporomoka wakati wa mvua kubwa. Tarehe 23 Februari 1970, huko Mgeta, upande wa magharibi wa milima hii hii, zilinyesha zaidi ya milimita 100 za mvua ndani ya saa tatu hivi, na maporomoko zaidi ya 1,000 yakatokea. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari leo, sehemu kubwa ya nchi huipata kupitia televisheni na redio. Anayeishi tambarare anaweza kuisikia akiwa sebuleni kwake. Anayelala chini ya mteremko anaweza asiisikie kabisa. Tangazo lililorushwa halijawa tangazo lililofika.

Kutokana na hayo, ninawasilisha mambo manne.

Kwanza, kila Mtendaji wa Kijiji aorodheshe vitongoji vyake visivyopata televisheni, na visivyopata redio wala simu, na orodha hiyo ifike Ofisi ya Kata. Bila orodha hatujui ni nani tunamwacha.

Pili, kwa vitongoji hivyo, tahadhari ya mvua, kipindupindu au moto isihesabiwe kuwa imetolewa mpaka Mwenyekiti wa Kitongoji athibitishe kuwa ameipokea na kuitangaza. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Kipaza sauti cha mkononi, misikiti, makanisa na shule bado ni vyombo vya habari kamili. Wala umeme ukikatika havizimiki.

Tatu, tuwashauri wananchi kabla hawajatumia fedha. Muuzaji wa king'amuzi cha antena aombwe kukijaribu nyumbani kwa mteja. Pale penye kizuizi cha mlima, kuinua antena au kuihamisha hatua chache huweza kusaidia. Isiposaidia, dishi linalopokea kutoka setilaiti hufaa, mradi anga iwe wazi upande wake. Na kila kaya iwe na redio ya betri.

Nne, tulinde njia na msitu unaouzunguka mnara. Moto unaowashwa kusafisha shamba ukipanda hifadhini, au waya ukiibwa, hasara haiishii kwa mwenye mtambo. Hukatika pia vyanzo vya maji ya Mto Ruvu, na hukatika tahadhari ya maelfu ya watu walio mbali.

Mlima wetu unawapa wengine habari na maji. Wajibu wetu ni kuhakikisha walio kwenye miteremko yake hawawi wa mwisho kuambiwa kwamba mvua inakuja.