Kazi ya Maisha na Barua ya Uhamisho

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, karani wa kumbukumbu, katika mkutano wa jioni, Sumbawanga)



Mwandishi wetu alipokuja kuniomba, alinipa kichwa hiki: "Mtu afanye nini na maisha yake?" Nilimwambia kuwa amemwendea asiyefaa, kwa kuwa baada ya miaka ishirini na miwili ya kutunza majalada ya watu, jibu lake silijui. Akasema, "Basi njoo useme hayo." Ndiyo sababu nimesimama.

Wengi wetu humu hatukuzaliwa Ufipa. Tuliletwa na barua. Nilipopata yangu nilikuwa pwani, na wenzangu ofisini waliniuliza kama nimekwisha andika wasia, maana habari waliyoijua ya Sumbawanga ni moja tu, nayo ni uchawi. Hawakujua kuwa wenyeji hulieleza jina la mji huu kuwa ni amri ya kuutupa uchawi huo. Nilifika usiku, mwezi wa Juni, kwa basi lililojaa vumbi la njia ya Tunduma, wala sikuwa na koti. Wenye kuujua upepo wa Juni juu ya uwanda huu hawana haja ya kuambiwa zaidi. Asubuhi yake, kabla sijaonyeshwa meza, niliandika ombi la kuhamishwa. Nikaandika la pili, kisha la tatu. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, iliyapoteza mawili ya kwanza, na lile la tatu ikalijibu kwa kuniuliza mbona sikupeleka la kwanza. (Kicheko.)

Hapo ndipo nilipoanza kuona kosa letu makarani. Swali la maisha tumeligeuza kuwa swali la uhamisho: nitaondoka lini, nitapewa cheo gani, mshahara utaongezwa kiasi gani. Hayo ni maswali ya haki, wala simlaumu mwenye watoto kuyauliza. Lakini mtu aweza kujibiwa yote matatu, naye asijue anachofanya duniani.

Vyama vya namna hii havikuanzia kwetu. Mwaka 1922, kule Tanga, Martin Kayamba aliwakusanya watumishi Waafrika wa serikali wakaunda chama chao. Watu humkumbuka kwa mambo makubwa: kwamba alikuwa karani mkuu wa boma, na kwamba mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Mimi napenda vijana watazame miaka iliyotangulia. Alizaliwa mwaka 1891, akasomeshwa Kiungani, Unguja, akaenda Kenya, akaenda Uganda, akaacha kazi hii na kushika ile, akafanya na biashara, na vita vya 1914 vilipoanza Wajerumani wakamtia kizuizini. Mtu aliyekutana naye mwaka 1913 angesema kijana huyu hatulii, hatafika popote. Kumbe alikuwa akijifunza jinsi ofisi zinavyoendeshwa, na jinsi watu wanavyoishi nje ya ofisi. Alipoanzisha chama alikuwa na miaka thelathini na moja.

Sasa mtazameni mwingine, wa karibu nasi. Kule Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, nchi ambayo siku hizi imo katika Mkoa wa Katavi, alikaa mganga Adrian Atiman. Alizaliwa mbali mno, upande wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Aliibwa utotoni akauzwa, na Mapadre Weupe wakamnunua jangwani ili wamkomboe. Wakampeleka Malta kusomea uganga pamoja na vijana wenzake Waafrika. Mwaka 1889 akafika Karema, na huko akatibu wagonjwa hadi kufa kwake mwaka 1956. Miaka sitini na saba! Habari za maisha yake aliziandika mwenyewe, zikachapishwa mwaka 1946.

Sipendi kumsikia Atiman akitajwa ili vijana wafundishwe kunyamaza na kukubali kila barua. Kuletwa kwake hakukuwa hiari yake. Waliomkomboa ndio pia waliomchagulia masomo na njia. Lakini aliendelea kukaa hata alipokwisha kuwa mzee mwenye sifa, na hilo sidhani mtu aweza kulazimishwa kwa miaka yote hiyo. Palikuwa na wagonjwa mlangoni, naye alijua dawa.

Wala msidhani kuwa kushika kazi moja ni salama. Wako humu waliokwisha kuyaona malungu, yale matanuru marefu ya udongo, makubwa kupita kimo cha mtu, ambamo Wafipa waliyeyusha chuma. Ufundi ule ulikuwa na wakuu wake, dawa zake na miiko yake. Majembe ya dukani yakaja, moto ukazimika. Nami niliajiriwa kwa sababu ya wepesi wa vidole vyangu juu ya taipureta. Ni nani leo anayeuliza habari za vidole hivyo, isipokuwa mhariri wetu anapotaka kukatiwa stensili?

Nisiwachoshe. Sababu ya kukubali kusema ni hii. Mwezi uliopita ombi langu, nililokwisha kulisahau, limekubaliwa. Ni pwani, tena kwa cheo. Nimepewa siku kumi na nne kujibu.

Siku ya tatu alikuja mzee mmoja kutoka njia ya Laela, na kipande cha karatasi cha shamba la marehemu baba yake. Kompyuta haikumjua. Nilikwenda chumba cha nyuma, nikatoa daftari la zamani lenye jalada la kitambaa, na kwa nusu saa tukaliona jina. Ndugu zangu, mpango wa madaftari yale haukuandikwa popote. Umo kichwani mwangu. Jioni nikamweleza mke wangu. Akaendelea kuchambua maharage, kisha akasema, "Baba watoto, ulipoomba kuondoka ulikuwa unaona baridi. Sasa una koti."

Nimejibu kwamba naomba mwaka mmoja kwanza, na vijana wawili wa kukaa nami katika chumba kile. Juu ya mwaka sijajibiwa. Juu ya vijana nimeambiwa hakuna fungu. Kwa hiyo, kwa ruhusa ya mkuu wangu, kuanzia Jumanne ijayo, saa kumi jioni, nitayafungua madaftari kwa mwanachama yeyote atakayetaka kujifunza. Aje na daftari lake na kalamu. Na koti.