Yubile, Mwaka wa Kuachilia
(Maneno kwa waamini na walimu)



Twaadhimisha Yubile, nasi twafurahi. Lakini yatupasa kukumbuka asili ya neno hili. Katika Kitabu cha Walawi, sura ya 25, Mungu aliwaamuru Waisraeli kwamba katika mwaka wa 50 shamba lililouzwa limrudie mwenyewe, na ndugu aliyejiuza kwa umaskini aende kwao huru. Aliyelinunua shamba lile hakuwa mwizi, maana alilipa fedha yake. Hata hivyo aliambiwa aliachilie. Basi Yubile ni sikukuu ya mtu aliye na haki mkononi, naye akaufungua mkono wake.

Jambo hili twaweza kulisoma hata katika njia ya kale ya misafara, iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na pori la Mgunda Mkali, ikafika hapa Tabora, ikaendelea mpaka Ujiji. Mapadre Weupe wa kwanza waliipita mwaka 1878. Lakini kabla yao wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wameikanyaga miaka mingi, na mizigo ya frasila mbili hivi mabegani. Posho yao ilihesabiwa kwa kibaba, kila mtu na chake. Walakini hawakupika kila mtu peke yake. Walikaa makundi makundi, na kila kundi lilikuwa na chungu chake. Kibaba kilikuwa haki ya mtu mmoja, bali chakula kilikuwa cha wote.

Tena twawakumbuka Chuma na Susi. Bwana wao, David Livingstone, alikufa kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, siku ya tarehe 1 Mei, 1873. Aliyewaajiri alikuwa hayupo tena, wala hapakuwa na mtu wa kuwalazimisha. Wangaliweza kumzika pale pale na kwenda zao, na nani angewalaumu? Lakini wao na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua. Walipofika Unyanyembe mwezi wa Oktoba, mwaka ule ule, walimkuta Mwingereza Cameron, naye akawashauri wamzike hapa hapa. Wakakataa. Huko mbele wenyeji waliogopa maiti kupita katika nchi yao. Basi waliufunga mwili kama mzigo wa kawaida wa msafara, wakaendelea mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874.

Huko walilipwa mshahara wao, wakaachwa waende. Tarehe 18 Aprili, 1874, maziko yalipofanyika Westminster Abbey, Chuma na Susi hawakuwapo. Waliitwa Uingereza baadaye tu. Mshahara walipewa, lakini heshima ilichelewa. Na tuseme wazi kwamba Susi alikuwa hajabatizwa bado; alibatizwa mwaka 1886. Asiyebatizwa alitoa kuliko alivyodaiwa. Je, sisi tuliobatizwa tangu utoto, twaweza kusema nini?

Lakini hapa tuangalie sana, tusije tukapotoka. Njia ile ile ilipitwa na watumwa waliofungwa minyororo. Mtumwa hakuachilia haki yake, alinyang'anywa. Utumwa ulifutwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922 tu. Kwa hiyo, mtu anayemwambia maskini avumilie na asidai kitu, naye mwenyewe amekishika kitu cha maskini huyo, hafundishi Injili. Haki ninayoweza kuiachilia ni yangu. Haki ya mwenzangu sina ruhusa kuigusa, ila kumrudishia. Asiwepo basi mtu atakayeyatumia maneno haya kumnyima mwalimu posho yake, au mjane shamba la mumewe.

Abrahamu alikuwa mkubwa kwa Lutu, na haki ya kuchagua malisho ilikuwa yake. Akamwachia kijana achague kwanza. Mtume Paulo alikuwa na haki ya kulishwa na Wakristu wa Korinto. Akafanya kazi kwa mikono yake. Lakini Paulo huyo huyo alifundisha kwamba wahubiri wengine wapewe riziki. Alikuwa mkali kwa nafsi yake, mpole kwa wenziwe.

Na sisi je? Ndugu wawili wanagombana kwa hatua tatu za mpaka wa shamba, hata hawasalimiani kanisani. Huenda yule mwenye haki ndiye awezaye kuumaliza ugomvi, kwa kuwa ndiye mwenye kitu cha kutoa. Mwenye kisima na awaachie jirani maji wakati wa kiangazi. Mwalimu aliyemaliza saa zake na amvumilie mtoto mzito wa kuelewa. Wazee walisema: Kutoa ni moyo, si utajiri.

Basi, ndugu, kabla ya sikukuu hii kwisha, kila nyumba na itafute neno moja tu: deni, mpaka, au kisasi, ililo na haki ya kulidai, ikaliachilie kwa ajili ya Kristu. Tena itafute jambo moja inalomdhulumu mwingine, ikamrudishie upesi. Tukifanya hivyo, Yubile itakuwa imefika kwetu kweli. Mungu awabariki nyote. Amina.