"Figo Imejaa Maji": Namna Ripoti ya Ultrasaundi Inavyofika Nyumbani

Ndugu wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii, mama anatoka chumba cha ultrasaundi hapa mjini Mwanza, mtoto mgongoni, ameambiwa maneno matatu: figo imejaa maji. Kabla hajapanda daladala ya kurudi Igombe ameshaamua la kufanya: atampunguzia mtoto maji. Imejaa, isiongezwe. Hajakosea kufikiri, sisi ndio tuliomkabidhi maelezo nusu.

Maji hayo ni mkojo uliokosa njia. Kwenye kanda ya mpunga hatuhitaji mchoro: tundu la jaruba likiziba, maji hupanda hadi kubomoa tuta. Mkulima huenda kuzibua tundu, hasimami kuilaumu mvua. Baadhi ya watoto wa kiume huzaliwa na vijitando ndani ya njia ya mkojo. Kwa wengine kizuizi kiko juu, figo inapoungana na mrija unaoshuka kibofuni. Wengine mkojo wao hupanda tena kutoka kibofuni. Uvimbe mdogo kwa mtoto mchanga mara nyingi huisha wenyewe, ila lazima arudishwe kupimwa.

Halafu kichocho. Huku kwetu mtoto akilia anapokojoa, jibu tunalo tayari mdomoni. Lakini kichocho cha ufukweni mwa Ziwa Victoria kwa kawaida ni kile cha tumbo, kinachoumiza utumbo na ini. Kile cha kibofu, chenye mkojo wa damu, hutokana na konokono wa madimbwi ya bara, kama Misungwi na Kwimba. Kweli, nacho huweza kuvimbisha figo, lakini baada ya muda mrefu. Mtoto wa miezi minne hajakanyaga dimbwi lolote. Hitilafu yake itafutwe kwenye kuumbwa kwake.

Zipo hitilafu zinazotisha kwa jina tu. Takriban mtu 1 kati ya 1,000 huzaliwa na figo moja. Takriban 1 kati ya 500 figo zake zimeungana, kwa kawaida upande wa chini. Vitabu huziita kiatu cha farasi, nami nauliza: Usukumani farasi mmewaona wangapi? Semeni herufi U. Wengi wao huzeeka bila kujua. Hata hivyo, mwenye figo moja asipewe diklofenaki kila anapolalamika maumivu, na mtoto yeyote mwenye homa ambaye kipimo cha malaria kimetoka hasi apimwe mkojo. Maambukizi yanayopanda figoni huacha makovu.

Kabla ya kuandika rufaa ya Hospitali ya Bugando, kama ni mvulana, mwombeni mama amtazame akikojoa uani. Mkojo ukiruka mbali, andikeni. Ukidondoka matone miguuni huku mtoto akijikamua na tumbo chini ya kitovu limejaa, andikeni vilevile, kwa maneno hayohayo ya mama.