Mashine Inapokataa Diski Yetu

 

Leo tunataka kuzungumza nanyi, vijana wa vikundi vya video, juu ya jambo linaloonekana dogo: diski tuliyoichoma sisi wenyewe, na mashine ya DVD inakataa kuisoma. Aibu yake mnaijua. Lakini katika kazi ya kupatanisha watu, hasara ni kubwa kuliko aibu.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa katika bonde la Ruzizi, kati ya wakulima na wafugaji waliogombana kwa sababu ya ng'ombe kuingia mashambani. Tulipiga video pande zote mbili, kila upande ukasema machungu yake. Siku ya kuonyesha, watu walijaa, wazee kwa watoto. Diski ya wakulima ilicheza vizuri hadi mwisho. Tulipoweka ile ya wafugaji, mashine ikaandika kwamba hakuna diski. Tulizima, tukawasha, tukaipangusa kwa shati. Bure. Mzee mmoja wa wafugaji akasimama akasema, "Maneno yetu mmeyaficha." Akaondoka, na watu wake wakamfuata.

Hatukuficha kitu. Diski ilikuwa haijafungwa. Tangu siku ile tumejifunza mambo haya:

Kwanza, kufunga diski. Katika programu za Kifaransa mtaona neno "finaliser". Diski isiyofungwa husomwa na kompyuta iliyoichoma, lakini mashine nyingi za DVD haziioni. Mara nyingi inatosha kuirudisha kwenye kompyuta ile ile na kuifunga.

Pili, namna ya kuchoma. Kunakili faili ya MP4 kutoka simu si kutengeneza DVD. Mashine za zamani zinataka video ya MPEG-2, ndani ya folda iitwayo VIDEO_TS. Kwa hiyo katika programu chagueni DVD ya video, si diski ya data.

Tatu, diski yenyewe. Kuna DVD-R na DVD+R, na mashine nyingine hupokea moja tu kati ya hizo. Zile za kufutika, RW, hukataliwa zaidi. Chomeni polepole, kwa mfano kasi ya 4 kuliko 16. Msibandike karatasi juu yake, kwa sababu inaweza kuifanya diski iyumbe ikizunguka. Andikeni kwa kalamu ya wino laini. Vumbi lipanguseni kwa kitambaa safi, kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha kama tulivyofanya na shati.

Nne, mfumo wa picha. Picha ikija bila rangi, au ikipanda na kushuka, diski inasomwa. Tatizo linaweza kuwa PAL na NTSC. Tazameni kwanza mashine na televisheni zimepangwa kwa mfumo gani, ndipo mchome kwa mfumo huo.

Ili kujua kosa liko wapi, wekeni diski nyingine mnayojua ni nzima. Nayo ikikataa, chunguzeni mashine, lenzi yake na umeme wa jenereta. Ikicheza, yaelekea kosa liko kwenye diski yenu.

Lakini ndugu, sehemu kubwa ya somo haiko ndani ya mashine. Siku ile kosa letu la kwanza lilikuwa kuonyesha upande mmoja kabla ya kujaribu diski ya upande wa pili. Sasa tunajaribu diski zote mbili, mwanzo hadi mwisho, kwenye mashine ile ile itakayotumika, mbele ya mtu mmoja wa kila upande. Tunabeba nakala mbili za kila diski. Faili za kwanza hatuzifuti mpaka pande zote zimeona. Na diski moja ikikataa, hatuonyeshi ile nyingine peke yake. Tunawaeleza watu wazi, na tunapanga siku nyingine.

Mzee yule tulimrudia nyumbani mara nyingi. Mwishowe alikubali kuja, lakini alikaa kando ya mashine na kuitazama diski yake ikiingia. Alikuwa na haki. Mtu aliyetupa maneno yake ametupa amana. Tuichome vizuri, tuifunge, tuijaribu.