Barua ya Smuts kwa Lettow-Vorbeck: Urafiki wa Makamanda na Wapagazi Wasiotajwa

Mwishoni mwa 1916, majeshi ya pande zote mbili yakiwa hoi kwa maradhi na njaa, barua moja ilivuka mstari wa mapigano katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwandishi wake alikuwa Jan Smuts, jenerali wa Kikaburu aliyeongoza majeshi ya Uingereza. Mwandikiwa alikuwa Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Kijerumani aliyekuwa amemponyoka tangu Kilimanjaro hadi kusini mwa Morogoro.

Smuts hakutisha wala hakudai kitu. Alimpongeza adui yake kwa kutunukiwa Pour le Mérite, nishani ya juu kabisa ya kijeshi ya Prussia, habari iliyowafikia Waingereza kabla ya mwenyewe. Aliongeza kwamba anatumaini pongezi hizo hazitamuudhi. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1920, Lettow-Vorbeck anasimulia kwamba alijibu kwa adabu ileile, ingawa kwanza alidhani Smuts amekosea na kwamba nishani inayosemwa ni ile ya Tai Mwekundu, ya daraja la chini, aliyokuwa ameipata muda si mrefu.

Miezi michache nyuma Smuts alikuwa amemwandikia barua ya namna nyingine, akimtaka asalimu amri. Mjerumani aliisoma kama ushahidi kwamba mwenzake ameishiwa mbinu. Na hakuwa mbali na ukweli.

Heshima ya Smuts haikutoka hewani. Katika Vita vya Makaburu yeye mwenyewe alikuwa mwindwa: mwaka 1901 aliingiza kikosi kidogo cha wapanda farasi katika Koloni la Rasi, Waingereza wakimsaka huku na huko. Miaka 15 baadaye anavaa sare ya wale wale waliomsaka na kumfukuza mtu anayetumia ujanja ule ule. Alimjua Lettow-Vorbeck kwa sababu alikuwa amewahi kuishi maisha yake.

Vita vilipokwisha Ulaya, Lettow-Vorbeck alikuwa Rhodesia ya Kaskazini. Aliweka silaha chini Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Desemba 1929 alikuwa mgeni wa heshima London, katika karamu ya maofisa waliopigana naye, Smuts akiwapo. Vita vya Pili vikamwacha Mjerumani fukara: wanawe wawili wameuawa vitani, nyumba yake Bremen imebomolewa kwa mabomu. Miongoni mwa waliomtumia vifurushi vya chakula alikuwamo Smuts. Huo ni urafiki wa kweli, na mada hii haikusudii kuubeza.

Inachohoji ni upana wake.

Kampeni hiyo ilitembea juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Mbung'o waliua farasi na nyumbu, barabara za magari zilikuwa chache, hivyo kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilimhitaji binadamu. Makadirio yanayotajwa sana yanasema wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake walifikia 95,000 hivi, wengi kwa kuhara damu, malaria na utapiamlo kuliko kwa risasi. Kambi zao ndizo zilizoacha majina ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi. Huko Ugogo, majeshi ya pande zote yalichukua ng'ombe na nafaka, kisha ukame ukaja. Njaa iliyofuata inakumbukwa kwa jina la Mtunya.

Askari weusi wa Lettow-Vorbeck, 1,168 kati yao wakiwa naye hadi Abercorn, walipigana kipindi kirefu cha mwisho bila mshahara. Mwaka 1953 alirudi Dar es Salaam na wazee wao wakampokea kwa nyimbo za zamani. Alifariki Machi 1964, na mwaka huohuo Bunge la Ujerumani Magharibi likaidhinisha fedha za kuwalipa waliobaki hai. Karibu nusu karne ilikuwa imepita.

Tusisahau pia historia ya waungwana hawa wawili nje ya barua zao. Lettow-Vorbeck alitumika chini ya Lothar von Trotha katika vita vya kuwaangamiza Waherero. Smuts alitetea ubaguzi uliowanyima Waafrika kura na ardhi. Waliweza kupeana mkono kuvuka uadui kwa sababu kila mmoja alimwona mwenzake kuwa mtu wa tabaka lake.

Kwa hiyo walimu wa historia mlio katika semina hii mnaombwa jambo moja. Mnapofundisha barua ya Smuts, ifundisheni pamoja na Mtunya na Kariakoo, na watumeni wanafunzi wenu wakaulize nyumbani nani katika ukoo alichukuliwa kubeba mizigo, alitokea kijiji gani, na kama alirudi.